Mizigo Aliibeba Nani?

Hapa Tensta, wakati naandika haya, baridi imeshaingia na jua linazama kabla mtu hajamaliza chai yake ya saa tisa.

Jumamosi moja, baada ya darasa la Kiswahili la watoto, tulibaki watu sita au saba kwenye ukumbi tunaokodi si mbali na Taxinge torg. Kazi iliyobaki ilikuwa kuosha vikombe na kurudisha viti mahali pake, lakini mnatujua. Viti vilirudi, vikalizunguka birika la chai, na maneno yakaanza. Mpwa wangu, kijana wa miaka 19 aliyezaliwa hapa hapa, alikuwa ameangalia kwenye intaneti filamu ndefu kuhusu Vita Kuu ya Kwanza huko kwetu Afrika Mashariki. Alikuja nayo kama mtu aliyeokota dhahabu njiani.

"Mjomba," akaniambia, "kwa nini hamkuwahi kunisimulia habari za Lettow-Vorbeck? Huyu ndiye jemadari mkubwa kuliko wote waliowahi kupigana kwetu. Miaka minne, na hawakumkamata!"

Akatueleza mbinu za yule Mjerumani, na kusema kweli alizieleza vizuri, kwa Kiswahili chake chenye Kiswidi ndani yake, huku akipanga vijiko mezani kuonyesha jeshi lilipita wapi. Sisi watu wazima tulikuwa tunafurahi tu kwamba kijana anazungumza historia ya kwetu. Miongoni mwetu alikuwamo mzee mmoja aliyepigana vita vya Kagera. Yeye alikuwa anamenya chungwa. Alipomaliza kulimenya akauliza:

"Na mizigo aliibeba nani?"

"Mizigo gani, babu?"

"Miaka minne porini, mwanangu. Risasi, unga, dawa, mizinga, vitanda vya wazungu. Nauliza tu. Aliibeba nani?"

Kijana aliangalia vijiko vyake. Filamu haikuwa imesema, au ilisema kwa haraka naye hakusikia. Swali lile limenikaa kichwani tangu siku hiyo, na nimeona niliandike hapa, maana nadhani linatuhusu zaidi ya tunavyofikiri. Ukubwa wa kiongozi wa vita tunaupima kwa nini?

Kwanza tumtendee haki mtu mwenyewe. Paul von Lettow-Vorbeck alifika Dar es Salaam Januari 1914, miezi michache tu kabla ya vita kuanza Ulaya. Gavana wa koloni, Heinrich Schnee, alitaka koloni libaki nje ya vita. Lettow hakumsikiliza. Alijua koloni lenyewe haliwezi kuokolewa, kwa kuwa Waingereza walitawala bahari, hivyo msaada usingeweza kuja kwa uhakika. Akapiga hesabu nyingine kabisa: kila askari wa adui atakayelazimika kumfukuza yeye porini ni askari ambaye hatapelekwa kupigana Ulaya. Asishinde, lakini asikamatike. Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yake nzima.

Na aliitekeleza. Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Yeye alikuwa na watu kama 1,000. Aliwarudisha baharini, na nyuki wa Tanga wakamsaidia, kisa ambacho wazee wa Tanga hawachoki kukisimulia. Manowari Königsberg ilipozamishwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ilitolewa majini ikakokotwa nchi kavu. Dawa ya malaria ilipoadimika, kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara kikatengeneza kwinini. Oktoba 1917 pale Mahiwa, upande wa Lindi, aliwaua na kuwajeruhi Waingereza na askari wao zaidi ya 2,000 kwa kupoteza mamia kadhaa upande wake. Mwezi uliofuata akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji, akawapiga Wareno Ngomano na kuchukua silaha zao. Mwaka 1918 akarudi, akaingia Zambia ya leo, na alikuwa Kasama vita vilipokwisha Ulaya. Alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya wakubwa zake kusalimu amri. Alikuwa amebakiwa na Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168 na wapagazi wengi kuliko hao wote.

Alitembea na watu wake, aliugua malaria kama wao, na hakuwakimbia. Mtu wa namna hiyo anavutia, sikatai. Mwaka 1919 walimpokea Berlin kwa gwaride. Baadhi ya maadui zake walimheshimu mpaka kufa kwake mwaka 1964. Mwaka huo huo Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake waliokuwa bado hai malimbikizo ya mishahara yao. Husimuliwa kwamba wale wasiokuwa na vyeti walipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki, na kwamba hakuna aliyekosea. Kisa kitamu. Mpwa wangu alikipenda sana. Lakini foleni ile ilikuwa ya askari.

Sasa mizigo.

Mtu akitaka kuelewa vita vile aache ramani ashike mizani. Farasi na ng'ombe hawakufaa, kwa sababu ndorobo waliwaua, wa upande wa Jenerali Smuts wakafa kwa maelfu mwaka 1916. Barabara za magari zilikuwa chache, na mvua ilipoanza hazikuwepo. Reli zilikuwa mbili, ya Tanga kwenda Moshi na ya Dar es Salaam kwenda Kigoma, na vita vilipoziacha reli nyuma kilichobaki ni kichwa cha mtu. Kichwa kimoja hubeba kilo kama 25. Mwenye kichwa hicho naye anakula, tuseme kilo moja ya unga kwa siku. Kama askari yuko mwendo wa siku 12 kutoka ghalani, mpagazi anayekwenda na kurudi atakuwa amekula karibu mzigo wote aliobeba. Ili kilo chache zimfikie askari, inabidi watu wengi watembee. Na vita vikiendelea kusogea mbali na ghala, idadi ya watu wanaohitajika haiongezeki pole pole, inaruka.

Kwa hiyo, kila Lettow alipowavuta Waingereza mbali zaidi, nao waliwakamata watu wengi zaidi wa kubeba. Waingereza na washirika wao waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika yenyewe, Malawi, Zambia, Kongo na hata Afrika Magharibi. Wengi hawakuandikwa kwa hiari, walikamatwa. Hesabu rasmi ya waliokufa inapita 95,000, na kati yao kama 45,000 walitoka Kenya. Wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Risasi iliua wachache. Waliuawa na kuhara, malaria, kichomi, baridi ya usiku bila blanketi, na unga wa mahindi ulioiva nusu, waliopewa watu waliozoea ndizi au wali. Walipokufa na ndugu zao wasipatikane, mishahara yao ilibaki serikalini. Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni kule London aliandika kwamba vita vile havikugeuka kashfa kwa sababu tu walioteseka zaidi walikuwa wapagazi, na ni nani anayewajali wapagazi wenyeji?

Hao walau walihesabiwa kwa makosa. Upande wa Lettow hawakuhesabiwa. Hapakuwa na daftari la wapagazi wake kama lilivyokuwapo la Wajerumani wake. Jeshi lilipofika kijijini lilichukua nafaka, mifugo na wanaume, na wengine wakafungwa kamba wasitoroke. Daktari mmoja wa jeshi hilo hilo, Ludwig Deppe, aliandika baada ya vita kwa masikitiko kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa na ghala tupu, na njaa ikiwafuata. Alikuwa mtu wa Lettow, si mpinzani wake. Majeshi ya pande zote mbili yalipita Ugogo yakichukua chakula na watu, kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, ya 1917 hadi 1920, Wagogo waliipa jina, Mtunya. Inakadiriwa iliua watu 30,000, mtu mmoja katika kila watano wa nchi ile.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba swali la mzee halikuwa la mzaha. Mimi ni mtu wa Dodoma. Nitarudi hapo.

Jumamosi iliyofuata mpwa wangu alikuja amejiandaa. "Mjomba," akasema, "nimesoma. Ni kweli walikufa. Lakini Waingereza walifanya vile vile, na vibaya zaidi. Kila vita vinabebwa na mtu. Jemadari akianza kuwahurumia wabebaji, atashindwa vita. Sasa wewe unataka jemadari mkubwa au unataka mchungaji?"

Ni hoja nzuri na haifai kuipuuza. Kama tutasema hakuna mkubwa aliyewahi kusababisha vifo vya wanyonge, tutabaki bila hata jina moja, na neno lenyewe litakuwa halina kazi. Vita ni vita. Lakini nilimjibu kwa mambo mawili, na nayarudia hapa niyapime mbele yenu.

La kwanza, uhodari na ukubwa ni vitu viwili. Mwizi anayefungua kufuli lolote kwa waya tunamwita hodari, na hata tukiibiwa tunatikisa kichwa kwa mshangao. Hakuna anayemwita mkubwa. Ili tufike kwenye neno hilo lazima tuulize alichokuwa anakifungua ni nini, na cha nani. Lettow alikuwa hodari kupita kiasi. Mtu hana haja ya kumnyang'anya hilo.

La pili linahusu mbinu yenyewe. Mbinu ni uhusiano wa kile unachotoa na kile unachotaka kupata. Lettow alitaka kuwazuia askari wasiende Ulaya. Je, aliwazuia? Wengi wa waliomfukuza walikuwa Wahindi, Waafrika Kusini na, kuanzia 1917, hasa Waafrika wa King's African Rifles, ambao Waingereza hawakuwa na nia ya kuwapeleka kwenye mahandaki ya Ufaransa. Wanahistoria wengi leo wana shaka kama vita vya Ulaya viliguswa hata kidogo. Basi mwaka ule wa mwisho, kutoka Ruvuma hadi Kasama, ulinunua nini? Nimeutafakari sana na jibu ninalolipata ni kwamba ulinunua sifa ya kutoshindwa. Ilikuwa ya mtu mmoja, na waliolipa ni wengine.

Alikuwapo ofisa mwingine wa Kijerumani, Theodor Tafel, aliyekuwa anakuja na kikosi chake kujiunga na Lettow karibu na Ruvuma. Chakula kiliisha, akakosana naye njiani, na tarehe 28 Novemba 1917 akajisalimisha. Sidai alifanya hivyo kwa huruma, njaa ndiyo iliyomlazimisha. Lakini vita vya watu waliokuwa naye, na wapagazi wao, viliisha siku ile. Kwenye filamu ya mpwa wangu Tafel alipata sentensi moja.

Wenyeji wetu hapa Uswidi nao wana wa kwao. Ukipanda treni ya mstari wa buluu hapa Tensta na kukaa mpaka kituo cha mwisho unafika Kungsträdgården, na ukitoka nje unakutana na Mfalme Karl XII amesimama juu ya jiwe tangu mwaka 1868, ananyoosha mkono kuelekea Urusi. Naye alikuwa hodari. Mwaka 1700 pale Narva alilipiga jeshi la Urusi lililokuwa kubwa mara tatu au zaidi ya lake, akiwa na miaka 18 tu, mdogo kuliko mpwa wangu. Alilala chini na askari wake. Mwaka 1709 jeshi lake lilikwisha Poltava, na yeye akaendelea na vita miaka mingine tisa mpaka risasi ilipompata Norwei, Novemba 1718. Mwezi mmoja baadaye jeshi lake jingine, chini ya Jenerali Armfeldt, lilikuwa linarudi nyumbani kwa kuvuka milima katika dhoruba ya theluji. Karibu watu 3,000 waliganda. Sisi tunaosubiri basi Januari tunaweza kuwaza kidogo mwisho wa namna hiyo, ila kidogo tu.

Katika miaka ya 1990, kila tarehe 30 Novemba, siku aliyokufa mfalme huyo, watu wenye chuki na wageni walikuwa wakikusanyika kwenye sanamu ile, na wakubwa wetu walituambia siku hiyo tusishuke mjini. Ndivyo sifa ya jemadari inavyokaa ikimngoja mtu wa kuiokota. Waswidi wengi wanalijua hilo, na ndiyo maana hawamsifu Karl bila kukohoa kwanza. Sisi tuliotoka kwenye nchi iliyobeba ile mizigo, wa kwetu tunamwona kwenye filamu na kumpigia makofi.

Mzee wetu wa Kagera hakutaka kuzungumzia Wazungu. Nilimwuliza yeye alibebeshwa nini mwaka 1978.

"Risasi, sufuria, na mara nyingine mwenzangu," akasema. "Tulikwenda kwa miguu kutoka Kagera. Magari yalikuwepo, mengine ya watu binafsi yaliyochukuliwa, lakini njia zilikuwa tope na mito. Tofauti ni kwamba mimi niliambiwa sababu."

Ninyi mnaokumbuka mnajua anachosema. Idi Amin aliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alisimama Diamond Jubilee akasema maneno ambayo mtoto wa shule aliyajua kwa moyo: sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Aliyasema kwa lugha ambayo mbeba mzigo aliielewa. Mpagazi wa mwaka 1917 hakuwahi kuambiwa kwa nini Mjerumani na Mwingereza wanagombana, na hata angeambiwa, ugomvi haukuwa wake. Mzee anaona hapo ndipo ukubwa unapoanza: kiongozi anapojua kwamba anayebeba anastahili maelezo.

Nakubaliana naye kwa sehemu. Nilimkumbusha kwamba mgambo wengi hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Nilimkumbusha miezi 18 ya kufunga mkanda tuliyoahidiwa baada ya ushindi, ambayo ilikuwa mirefu kuliko miezi 18 yoyote niliyowahi kuishi. Kwa upande wa Tanzania hutajwa askari 373 waliokufa, wengi wao kwa ajali na magonjwa kuliko kwa risasi, na raia kama 1,500 wa Kagera waliouawa na askari wa Amin. Lakini Februari 1979 jeshi letu liliingia Masaka na kuubomoa mji kwa kulipiza kisasi. Waganda wa Masaka hawakuwa wamevamia mtu. Mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akasema Mwalimu alipopata habari alikasirika na kuamuru isirudiwe tena. Ni kweli, imeandikwa hivyo. Je, inatosha? Kwa aliyepoteza nyumba yake Masaka, sidhani. Lakini naona tofauti kati ya kiongozi anayepelekewa habari ya gharama akashtuka, na yule ambaye habari ya gharama haikuwa na daftari la kuandikwa.

Kuna neno moja limekuwa likinisumbua katika haya yote, nalo ni kiongozi. Kabla ya reli, misafara ya Wanyamwezi kati ya bara na pwani ilikuwa na mtu waliyemwita kirangozi. Alitangulia mbele ya wote akiwa na bendera, akijua njia, maji na wapi pa kulala. Alikuwa mpagazi mwenyewe, mzoefu aliyeaminiwa na wenzake, na alitembea na mzigo wake, japo mwepesi kuliko yao. Akikosea njia, kiu ilimpata naye. Hakuwa jemadari na sitaki kumfanya malaika, maana misafara ile ilibeba pembe na ilipita na watumwa pia. Ila nadhani mtu aliyekuwa na mzigo kichwani alijua, bila kuambiwa na mtu, ni wakati gani wa kutua.

Wengi wetu hapa tumebeba maboksi, kama tunavyojiita kwa utani. Mimi nilifanya kazi miaka sita kwenye ghala moja nje ya mji. Tulikuwa na msimamizi aliyewahi kubeba na msimamizi ambaye hakuwahi, na mgongo wangu ulijua zamu ni ya nani kabla sijaangalia ratiba. Huyo wa pili ndiye aliyekuwa na takwimu nzuri zaidi, na ndiye aliyepandishwa cheo.

Ningeweza kuishia hapo kama isingekuwa sababu iliyomfanya dada yangu anipigie simu usiku baada ya mjadala ule. Aliogopa. Si kwa ajili ya Lettow, jina hilo hata halijui. Aliogopa namna mwanawe alivyolitamka neno "hawakumkamata".

Mnajua mambo ya mitaa yetu katika miaka hii ya 2020. Tensta imejengwa kwenye uwanja wa Järva, ambao tangu 1905 mpaka kabla ya majengo haya kuanza miaka ya 1960 ulikuwa uwanja wa mazoezi ya jeshi. Nilipolisoma hilo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Watoto wa miaka 14 wameandikwa kwa simu kubeba bunduki kutoka mahali hadi mahali, na wengine kuitumia, kwa sababu sheria haikumfunga aliye chini ya miaka 15. Anayewatuma ana mbinu. Ana nidhamu, ana ujasiri wa aina fulani, na mara nyingi yuko nchi nyingine kabisa, mahali penye joto. Vijana wanamtaja kwa jina la utani, na kwa sauti ile ile: hawajamkamata. Mpwa wangu si mmoja wao, namshukuru Mungu. Lakini amesoma na wawili kati yao, na anawajua kwa majina.

Nilimpeleka kwenye ngazi za kituo chetu cha treni, penye zile picha za ukutani alizochora Helga Henschen miaka ya 1970 kwa ajili ya wageni wa mtaa huu, nikamwambia ninachokijua kuhusu familia yetu, jambo ambalo ningepaswa kulifanya zamani. Babu mzaa mama wa mama yangu alichukuliwa na jeshi Ugogo wakati wa vita vile. Hatujui ni jeshi la nani. Mkewe alibaki na mtoto mchanga, bibi yangu, na Mtunya ikawakuta hapo. Yeye hakurudi. Dar es Salaam kuna sanamu ya Askari iliyowekwa 1927, ina maandishi yanayowataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ana bunduki. Kuna Kariakoo, kambi ya kikosi cha wapagazi iliyogeuka soko, na Nairobi kuna Kariokor yake. Watu wananunua nyanya humo kila siku. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa.

Kijana alikaa kimya. Kisha akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

Sikujua. Nina miaka sitini na sikujua. Tulimpigia mama yangu Dodoma palepale, akatulaumu kwanza kwa kupiga wakati wa sala, kisha akamtaka mjukuu wake azungumze mwenyewe. Kijana alimwamkia, akauliza. Mama alilitaja jina mara moja, bila kufikiri, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. Ni jina la Kigogo, refu, na mpwa wangu hakuwa amewahi kulisikia. Alitoa karatasi mfukoni, ilikuwa risiti ya dukani, akauliza linaandikwaje.

"Mimi sijawahi kuliona limeandikwa," mama akasema. "Andika unavyosikia."